Gego likitoka: upandikize jingine au uache pengo?

Mtu aking'olewa gego hapa Mombasa hakosi washauri. Simu inamletea matangazo ya kliniki yanayoahidi jino jipya la maisha kwa siku moja. Barazani anaambiwa mwili haupokei chuma, utakitema. Nyumbani anaambiwa atengeneze la kuvaa na kuvua, bei nafuu, yaishe. Na jirani aliyeacha pengo lake wazi tangu ujanani anashangaa: mbona yeye mihogo na korosho anatafuna kama kawaida? Kila mmoja wao ana kipande cha ukweli, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, maana kila mmoja anasimulia kinywa chake, na vinywa havifanani.

Naandika kuhusu magego peke yake. Jino la mbele lina mashauri yake, lile ni sura ya mtu. Gego ni jino la kazi. Halionekani mtu akitabasamu, kwa hivyo la kujiuliza ni kazi yake itafanywa na nani, na kwa gharama gani.

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32, na 12 kati yake ni magego makubwa: matatu kila upande, juu na chini. La kwanza huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, la pili akikaribia 12, na la mwisho, jino la akili, kati ya miaka 17 na 25, ingawa kwa wengine halioti kabisa. Mbele ya hayo, baada ya chonge, kuna magego madogo 8. Hesabu hii tutaihitaji baadaye. Kwa sasa nitaje jambo linaloniuma: linalopotea mapema mara nyingi ni lile gego la kwanza, kwa sababu huota nyuma ya meno ya utoto bila kusukuma jino lolote litoke, na wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Likitoboka wanaliacha, wakisubiri lingine liote. Halioti lingine.

Kipandikizi ni nini hasa

Kipandikizi, au implanti kama wengi wanavyokiita, ni mzizi wa bandia. Kimekamilika kina vipande vitatu. Cha kwanza ni skrubu ya titani inayoingizwa ndani ya mfupa wa taya. Kwa gego huwa na urefu wa milimita 8 hadi 12 na unene wa milimita 4 au 5. Cha pili ni kiungo kidogo kinachofungwa juu ya skrubu na kutokeza kwenye ufizi. Cha tatu ni kofia, ile sehemu nyeupe yenye umbo la jino inayotafuna. Kuvielewa vipande hivi mapema ni muhimu, kwa sababu ugomvi mwingi wa bei huanzia hapa.

Mfupa kushikana na titani kuligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1952, nchini Uswidi, daktari Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vidogo vya titani. Alipotaka kuvitoa, vilikataa kutoka. Mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro za taya. Larsson aliishi na vipandikizi hivyo hadi alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40.

Lakini kukumbatiana huko hakutokei siku moja. Fikiria nondo ndani ya zege. Fundi akishamimina, nondo inaonekana imesimama imara, na kumbe ukiitikisa kabla zege halijakauka, inalegea na haishiki tena daima. Ndivyo ilivyo skrubu ndani ya taya. Siku ya kwanza imeshikiliwa na kubana tu. Mfupa hujijenga na kuikamata polepole, kwa miezi 3 hadi 4 kwenye taya la chini, na hadi 6 kwenye taya la juu ambako mfupa ni laini zaidi. Ndani ya muda huo ikitikiswa kwa kutafuniwa, mfupa haushiki. Panajaa nyama laini, na skrubu inalegea.

Hapo ndipo tangazo la "jino kwa siku moja" linapohitaji kusomwa kwa makini. Si uongo mtupu. Skrubu ikibana vizuri tangu mwanzo, daktari anaweza kuweka kofia ya muda siku hiyo hiyo, na kwa jino la mbele jambo hili hufanywa ili mtu asitembee na pengo usoni. Kwa gego faida hiyo haipo, na hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu nguvu ya kutafuna upande wa nyuma ni mara kadhaa ya ile ya mbele. Hata ikiwekwa siku hiyo, huwa kofia ya muda isiyogusana na jino la upande wa pili. Kwa maneno mengine, jino la kutazama. Mishikaki itasubiri miezi ile ile.

Kinachopatikana

Tuanze na hali ambayo kipandikizi hakina mpinzani: gego moja limetoka, jirani zake wa mbele na nyuma ni wazima, ufizi ni safi, mfupa upo wa kutosha. Zamani dawa ya pengo kama hilo ilikuwa daraja, yaani kofia tatu zilizoungana, mbili zikivishwa meno ya jirani na ya kati ikining'inia juu ya pengo. Ili kuzivisha, jirani hao hukwanguliwa pande zote, na ganda la jino likishakwanguliwa halirudi. Unaharibu mawili mazima ili kuziba moja. Kwa mtu ambaye meno yake ya jirani yameshazibwa mazibo makubwa na yanahitaji kofia hata hivyo, daraja bado ni uamuzi wa busara. Kwa mwenye meno mazima, mimi naona ni hasara.

Faida ya pili ni mfupa wenyewe. Taya huhifadhi mfupa pale penye kazi. Jino likitoka, ukuta wa mfupa uliokuwa ukilishika huanza kuliwa, na kasi yake ni ya kushtua: ndani ya miezi 12 ya kwanza upana wa sehemu hiyo hupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Skrubu iliyoshikana hupunguza kuliwa huko. Ndiyo maana anayefikiria kupandikiza asikae miaka mitano akifikiria. Si kwamba mlango hufungwa, ila anayechelewa mara nyingi hujikuta akihitaji kuongezewa mfupa kwanza, na hilo lina gharama yake na miezi yake.

Halafu kipandikizi hakitoboki. Hakina ganda la kuliwa na sukari wala mshipa wa fahamu wa kuuma. Na tofauti na jino la kuvaa na kuvua, hakichezi mtu akitafuna, wala hakiwekwi kwenye glasi usiku.

Je, hudumu? Tafiti zilizofuata wagonjwa kwa miaka 10 huonyesha kwamba katika kila vipandikizi 100, takriban 95 huwa bado vipo kinywani. Ni matokeo mazuri. Lakini kuwepo ni jambo moja, kuwa salama ni jingine.

Kisichosemwa kwenye tangazo

Jino la asili halijagandamana na mfupa. Limeshikwa na nyuzi nyembamba zinazolizunguka mzizi mzima, na nyuzi hizo hufanya kazi mbili: hupunguza kishindo, na hupeleka habari. Ukitafuna wali ukakuta kijiwe, unaacha kubana kabla hujavunja jino. Ni nyuzi zile zimepiga kelele. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Hubana kwa nguvu bila kuhisi vizuri. Kwa mtu anayesaga meno usingizini, kofia hupasuka au kiungo hulegea, na gego ndipo mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote. Tena gego la chini lina mizizi miwili, la juu mitatu. Badala yake tunaweka mmoja.

Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye ufizi. Kipandikizi hakiozi, lakini mfupa unaokishika huoza kwa namna yake. Uchafu ukikaa shingoni mwa kofia, ufizi huvimba, hutoa damu, kisha usaha, na mfupa huliwa kimyakimya mpaka skrubu yenyewe inaonekana. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinakadiria ugonjwa huu humpata karibu mmoja kati ya watu watano waliopandikizwa. Hauumi mwanzoni, na hiyo ndiyo hatari yake. Matibabu yake ni magumu kuliko ya ufizi wa jino la kawaida. Kwa hivyo anayesema "nimeweka bandia, sihitaji tena kupiga mswaki upande ule" amegeuza mambo juu chini: upande ule ndio unaotaka mswaki laini, uzi wa meno, na kusafishwa na daktari kila baada ya miezi 6 au hivyo. Mswaki wa mti tulioukuta kwa wazee ni mzuri kwa uso wa meno, lakini haufiki chini ya kofia ya nyuma kabisa.

Upo pia upasuaji wenyewe. Nilimsindikiza mama mdogo kwa daktari wa meno, gego lake la kwanza la chini lilikuwa limetoka. Daktari alifungua skani kwenye kompyuta na kumwonyesha njia nyeusi, nyembamba, inayopita ndani ya taya kama mfereji.

"Mama, hapa ndipo unapopita mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini."

"Na ukiugusa, mwanangu?"

"Mdomo na kidevu vinakufa ganzi. Pengine miezi, pengine moja kwa moja."

Akapima kutoka juu ya mfupa hadi mferejini: milimita 11. Akatoa 2 za usalama, zikabaki 9, akasema ataweka skrubu isiyozidi hapo, ya 8. Hesabu yenyewe ilikwisha kwa dakika moja, lakini isingewezekana kwa eksirei ya kawaida iliyo bapa, ambayo haionyeshi unene wa mfupa kutoka shavuni kwenda ulimini. Kwa gego la chini, daktari anayetaka kutoboa bila skani ya pande tatu, mimi ningemuuliza sababu.

Kwenye taya la juu tatizo ni la namna nyingine. Juu ya magego, nyuma ya shavu, kuna uwazi wenye hewa uliounganika na pua. Gego likitoka, uwazi huo hushuka chini, na mfupa unaobaki unaweza kuwa wa milimita chache tu. Ndipo daktari hulazimika kuinua sakafu ya uwazi na kujaza unga wa mfupa chini yake kabla ya kupandikiza.

Unga huo unastahili aya yake, hasa kwa mji wetu. Hutoka sehemu mbalimbali: mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mfupa wa binadamu mwingine uliosafishwa, mfupa wa ng'ombe, wa nguruwe, au uliotengenezwa maabara usiotokana na kiumbe chochote. Utando mwembamba unaofunikia unga huo nao mara nyingi hutokana na nguruwe. Muislamu anayetaka kujua, aulize mapema, wala asione haya. Njia mbadala zipo na daktari anaweza kuziagiza. Hukumu yake ya kidini ni ya kuuliza kwa wenye elimu hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba swali hili huulizwa kabla ya ganzi. Na kwa wanaofunga, upasuaji wa kabla tu ya Ramadhani una taabu zake, maana siku za mwanzo kuna dawa za kumeza kwa saa zake na kinywa kinachotaka maji. Likipangwa baada ya Idd hakuna kinachoharibika.

Je, kila pengo ni la kuzibwa?

Hapa ndipo jirani mwenye pengo anapopata haki yake. Mwaka 1981 daktari wa Uholanzi, Käyser, alionyesha kwamba watu waliobaki na meno ya mbele na magego madogo bado wanaweza kutafuna vya kutosha bila magego yote ya nyuma. Baadaye wazo hilo lilichunguzwa kwa watu wazima huko Tanzania, wanaokula vyakula kama vyetu, na ikaonekana kwamba wenye magego madogo kamili pamoja na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana hutafuna vizuri. Shida kubwa ilikuwa kwa wale waliopoteza magego makubwa na baadhi ya yale madogo pia.

Maana yake kwetu ni kwamba, kabla ya kuuliza bei, uliza ni gego gani. Kama lililotoka ni la akili, hakuna cha kurudisha. Kama ni gego la pili, na yaliyobaki yapo na yanakutana, kuliacha pengo ni uamuzi halali wa kitabibu. Kama ni gego la kwanza, hoja ya kuliziba ina nguvu, na ikiwa pande zote mbili za kinywa zimebaki bila gego linalokutana na mwenzake, ina nguvu zaidi. Watu huogopeshwa kwamba pengo likiachwa meno yote yatakwenda mrama. Ni kweli jirani huinama kuelekea penye nafasi, na jino la upande wa pili hushuka au kupanda kulifuata pengo, lakini kwa wengi husogea kidogo tu, na kwa wachache ndio husogea sana. Mwombe daktari apime baada ya miezi 6, kisha baada ya mwaka. Lisiposogea, hukupoteza kitu.

La kuvaa na kuvua linadharauliwa kupita kiasi. Kwa aliyepoteza magego mengi na fedha ni za kubana, ni mwanzo mzuri. Tatizo lake ni kwamba upande wa nyuma halina pa kushikilia, hucheza, na wengi huishia kulifungia kabatini.

Kuna watu wa kusubiri. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa adhibiti kwanza, kwa sababu kidonda chake hupona taratibu na huambukizwa haraka; kisukari kikidhibitiwa, hazuiliwi. Aliyepigwa mionzi ya saratani sehemu ya taya, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, lazima aseme, hata kama hakuulizwa. Kijana ambaye taya lake bado linakua asipandikizwe, maana taya litaendelea na skrubu itabaki pale pale. Uzee wenyewe si kizuizi.

Halafu sigara, muguka na tambuu. Sigara imethibitishwa kuongeza vipandikizi vinavyofeli. Muguka, yale majani ya jamii ya miraa, ambao Kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku Mei 2024 na amri hiyo ikasimamishwa mahakamani, hukaa shavuni saa nyingi huku kinywa kikikauka, na kando yake kuna soda na sigara. Tambuu yenye popoo ikitafunwa miaka mingi hukaza nyama za shavu hadi kinywa kisifunguke vizuri, na mashine ya kutoboa mahali pa gego inataka kinywa kilichofunguka sana. Anayetumia hivi amwambie daktari ukweli. Si mahakama pale.

Maneno mengine ya barazani yajibiwe kwa ufupi. Mwili "kukataa" titani jinsi unavyoweza kukataa figo ya mtu mwingine, hapana. Kipandikizi kikifeli sababu huwa uchafu, mzigo wa mapema, au mfupa usiotosha, na mzio wa titani ni nadra sana. Kung'oa gego la juu hakupofushi jicho. Titani haivutwi na sumaku, kwa hivyo kwa kawaida haizuii kipimo cha MRI. Na maumivu: kazi hufanywa kwa ganzi, na wengi husema siku zilizofuata zilikuwa nyepesi kuliko za kung'oa.

Sasa fedha. Bei hutofautiana sana kati ya kliniki na kliniki, na unapotajiwa bei ndogo uliza ni ya vipande vingapi. Wapo wanaotaja skrubu peke yake, kisha kiungo na kofia vinakuja na bili zake miezi minne baadaye, mtu akiwa ameshatobolewa na hana pa kurudi. Taka hesabu nzima kwa maandishi: skani, unga wa mfupa ukihitajika, skrubu, kiungo, kofia, na nani atalipa skrubu isiposhika. Bima yako nayo iulize kwa maandishi, kabla. Daktari wa meno aliyesajiliwa yumo kwenye orodha ya baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, inayoweza kutazamwa mtandaoni. Mtafute kwa jina, kisha mwulize amepandikiza magego mangapi, si meno tu.

Wanaokwenda kutengenezewa India au kwingineko wakarudi baada ya wiki mbili wawe na tahadhari moja zaidi. Kampuni za vipandikizi ni nyingi mno, na funguo na viungo vya moja mara nyingi haviingii kwenye skrubu ya nyingine. Kiungo kikilegea miaka sita baadaye, daktari wa hapa Mombasa hawezi kukaza asichokijua. Popote utakapofanyiwa, ondoka na kadi yenye jina la kampuni, aina, urefu na unene wa skrubu, na tarehe, uipige picha na kumtumia mmoja wa wanao.